Kisanduku cha Mama Mkwe

Mtandao hapa kwetu hushika vizuri mahali pamoja tu, upande wa kushoto wa nyumba, pale tulipomzika mke wangu. Nikisimama mlangoni simu inazunguka tu bila kufungua kitu. Nikisogea hadi penye udongo ulioinuka, karibu na mgomba alioupanda mwenyewe, picha zinafunguka. Sikupanga iwe hivyo. Kwetu mwanamke huzikwa kushoto kwa nyumba na mwanamume kulia, na waliojenga mnara wa simu ng'ambo ya bonde hawakuwa na habari na mambo hayo. Lakini kwa miezi mingi watu waliopita njiani kwenda kituo cha chai waliniona nimeketi kwenye kigoda karibu na kaburi, kichwa nimekiinamisha, wakapunguza sauti zao. Walidhani naomba. Mara nyingine nilikuwa naomba. Mara nyingi zaidi nilikuwa natafuta jina la mama mkwe wangu.

Mke wangu alifariki wakati wa mvua za masika, katika hospitali moja mjini Kisii, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Siku zile za mwisho alizungumza kidogo kidogo, kama mtu anayeweka akiba ya nguvu kwa safari. Jioni moja aliniomba nisogeze kiti. Binti yetu, ambaye ndiye mtoto wetu wa pekee, alikuwa ameolewa hapo mjini na hakuwa amepata mtoto bado.

"Mkijaliwa msichana," mke wangu akasema, "usikimbilie kuniita mimi. Mimi nitangoja. Mama hajawahi kurudi."

Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, na tukishampa hatusemi tumempa jina, tunasema fulani amerudi. Kwa hiyo mtu akifa, pamoja na majonzi huwa kuna kitu kinachofanana na ahadi. Mahali fulani huko mbele yuko mtoto ambaye atageuza kichwa akiitwa kwa jina hilo.

"Lakini jina la mama yako hatulijui," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakuambia wewe. Mbuzi wakipotea, ni nani huwapata?"

"Ni mimi."

"Basi."

Hakulitaja jambo hilo tena. Nami nilikuwa nimeshaitikia.

Mama mkwe wangu sikumwona hata siku moja. Alikufa mke wangu akiwa bado ananyonya. Alikuwa ametoka upande wa Tabaka, kule wanakochonga mawe, akaolewa huku Nyamira kwenye chai, na watu wa boma alikoolewa wakamwita "yule wa Tabaka" mpaka alipozikwa. Kulikuwa na mzozo wa ng'ombe wa mahari ambao hawakuisha kutolewa, kwa hiyo baada ya mazishi watu wake hawakuja tena. Baba mkwe naye akafa mke wangu akiwa mtoto wa shule. Wakabaki ndugu za baba mkwe na wake zao, na hao walikuwa wamefungwa na chinsoni.

Chinsoni ni heshima yenye aibu ndani yake. Mwanamume haingii katika nyumba ya mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja hukaa pembeni mpaka mwenzake apite. Kuna watu ambao huwezi kula nao, kuna ambao huwezi kutaniana nao, na kuna ambao majina yao hayawezi kukutoka mdomoni. Sisi hatuoni kwamba ni mzigo. Ni kama kuvua kofia kanisani. Lakini nilipokwenda kuuliza katika boma lile, nikakuta kwamba kila aliyebaki alikuwa ni mtu ambaye alimheshimu sana yule mama kiasi cha kutowahi kumtaja, au ni mtu aliyezaliwa baadaye. Mzee mmoja alifikiri kwa muda mrefu, mdomo wake ukatikisika, akasema, "Alikuwa mtu mzuri sana." Ndiyo yote niliyopata. Adabu yao ilikuwa imelimeza jina lake lote.

Ni binti yangu aliyenionyesha ile huduma ya mtandaoni. Alikuwa ameiona kwenye simu yake: unalipa kila mwezi, unajaza majina ya watu wako, na wao wanakutafutia waliobaki. Alinifungulia hapo karibu na mgomba, akiwa amesimama na mimi nimeketi.

"Siku za kwanza ni bure, Tata," akasema. "Halafu wanakata kwa kadi yangu. Wewe utanirudishia ukipata bonasi ya chai."

"Hao watu wako wapi?"

"Nani?"

"Hao wanaotafuta."

"Hakuna watu. Ni mashine."

Mti wao wa ukoo umekaa kwa namna ya ajabu. Wewe uko chini kwenye shina, na waliokufa wako juu kwenye matawi, kila mmoja ndani ya kisanduku chake. Tulimweka mke wangu, na picha yake ile ya harusi ya mpwa wake, amevaa kitambaa cha rangi ya majani. Juu yake tukamweka baba yake. Tulipofika kwenye kisanduku cha mama yake, simu ikakataa kuendelea.

"Haitaki kiachwe wazi," binti yangu akasema.

"Iambie hatujui."

"Nimeiambia. Haitaki. Andika chochote tu."

Mimi nilisoma hadi kidato cha pili, na Kiingereza cha ile huduma kilinichosha, lakini kuandika chochote tu juu ya mama mkwe nilishindwa. Mwishowe tukaandika "Mama wa", halafu jina la mke wangu. Ndivyo ambavyo angeitwa kama angeishi.

Mashine haikuona tatizo. Kesho yake ikaanza kuniletea wanawake.

Wa kwanza alikuwa mzungu aliyesimama karibu na ng'ombe, amevaa kofia kubwa kama sinia. Chini ya picha yake waliuliza kama huyo ndiye mama mkwe wangu. Mwingine alikuwa amepanda meli na watoto wengi na sanduku moja. Mwingine alibatizwa mahali ambapo theluji ilikuwa imefunika kanisa mpaka madirishani. Ilibidi kubonyeza "hapana" ili waondoke, na mimi nilikuwa nawaambia kwa sauti ndogo, "Hapana, mama, samahani," kabla ya kubonyeza, kwa sababu nilihisi vibaya kumfukuza mtu mzima hivyo.

Baadaye nikaanza kuwangoja. Asubuhi ukungu hupanda kutoka bondeni na kukaa juu ya majani chai kama maziwa yanayotaka kuchemka, na mimi nikiwa nachuma, kikapu mgongoni, niliwaona wakipita kati ya mistari. Yule wa kofia alitangulia. Walikuwa wameshika nguo zao zisilowe umande. Hawakunisemesha. Walikuwa wanatafuta watu wao na mimi nilikuwa natafuta wangu, na shamba lilitutosha sote. Siku ya Ijumaa jua likitua nilizima simu kwa ajili ya Sabato. Jumamosi jioni nikiiwasha, waliingia wote kwa pamoja, kama watu waliokuwa wamejikinga mvua mahali fulani na sasa imekatika.

Hapo katikati binti yangu akashika mimba. Aliniambia akiwa amesimama jikoni, akichambua mboga za chinsaga, bila kugeuka. Wakwe zake walikuwa wameshasema kwamba akiwa mvulana jina litatoka kwao, na akiwa msichana tuchague sisi, kwa kuwa mama yake hajamaliza mwaka kaburini na huruma zao ziko pamoja nasi. Ni watu wema.

Sasa niseme jambo lilivyokuwa. Tangu siku ile, nilikuwa natafuta huku nikiomba nisipate.

Mbele za watu nilimwita mke wangu mama wa binti yetu. Tukiwa wawili tu nilimwita kwa jina lake. Tangu afariki, sikuwa nimelitoa kinywani. Hakuna mahali pa kulitumia. Ukilitaja kaburini halijibiwi, na ukilitaja ukiwa peke yako shambani unajiogopa. Niliposikia habari za mimba, jina hilo lilipanda lenyewe hadi kwenye ulimi na kukaa hapo. Nilimwona mtoto anayetambaa uani, nami mlangoni nikimwita kwa nguvu, majirani wasikie, naye ageuke. Kama jina la mama mkwe lingekataa kupatikana, hakuna ambaye angenilaumu. Mimi ningekuwa nimejitahidi. Nafasi ingekuwa ya mke wangu.

Ndipo ile mashine ikaleta kitu ambacho hakikuwa na kofia wala theluji.

Iliandika kwamba kuna mti wa mtu mwingine wenye msichana anayefanana na mke wangu. Jina ni lile lile, baba ni yule yule, na mahali ni Nyamira. Mwenye mti alikuwa mwanamke wa huku kwetu anayefanya kazi ya uuguzi ng'ambo. Juu ya msichana huyo kulikuwa na kisanduku cha mama, lakini kilikuwa kimefunikwa na rangi ya kijivu kama dirisha lenye mvuke. Ili kukifungua ilitakiwa kulipia ngazi ya juu.

Nilikaa nikikitazama. Halafu nikampigia binti yangu, nikamwambia aniongezee ile ya juu.

"Umepata kitu, Tata?"

"Sijui bado."

Hilo lilikuwa kweli, kwa muda wa dakika chache zilizobaki.

Ukungu wa siku hiyo ulichelewa kuondoka. Nilibonyeza, kijivu kikayeyuka taratibu kuanzia pembeni, na jina likatokea, jina zuri la kike, la kwetu, lenye sauti mbili za juu na moja ya chini. Nililisoma kabla sijajizuia. Kisha nikaigeuza simu kifudifudi kwenye nyasi, nikasimama, nikarudi nyuma hatua kadhaa hadi kwenye ua wa mlimbolimbo, nikatazama pembeni. Sikufikiri. Ndivyo mtu anavyofanya akikutana na mama mkwe wake njiani. Nilisimama pale mpaka nikahisi amepita.

Nilikuwa nimelipa ili nione jina ambalo siruhusiwi kulitaja.

Sikumwambia binti yangu. Siku ile nilisema nitamwambia kesho. Kesho ilikuwa siku ya kuchuma, na keshokutwa Sabato. Wiki zikapita hivyo. Yule muuguzi wa ng'ambo aliniandikia salamu akiuliza mimi ni nani katika familia, na sikumjibu. Tumbo la binti yangu likawa kubwa. Aliponiuliza habari za mashine nilisema inaendelea kutafuta, na hilo halikuwa uongo kamili, kwa sababu wanawake wa kofia waliendelea kuja.

Jumapili moja alikuja na mfuko wa nguo za mtoto alizonunua katika soko la Daraja Mbili, za mtumba lakini safi, ameshazifua. Akazitandaza kwenye kamba yetu ya nguo, moja moja, ingawa zilikuwa kavu. Alitaka tu kuzitazama zikipepea. Kisha akaketi kwenye kigoda changu, karibu na mama yake, akashika ubavu.

"Anapiga mateke kama mtu aliyefungiwa," akasema. Akainamia tumbo, akaliita jina la mama yake, akasema, "Wewe! Tulia. Utatoka tu."

Sikuwa nimelisikia jina hilo likiitwa kwa furaha tangu mazishi.

"Nimechoka kungoja ile mashine," binti yangu akaendelea. "Akiwa msichana ni mama. Au unasemaje, Tata?"

Ilikuwa imebaki niseme sawa. Nilifungua mdomo niseme sawa. Na hapo nikamwona mke wangu, si kama mzimu, bali kama ninavyomwona kila siku ninapofumba macho. Alikuwa amekaa kwenye kiti katika nyumba iliyojaa watu, mikono magotini, mgongo haugusi kiti. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mwingine ambaye uso wake sikuuona, na hakuna aliyemkaribisha. Mke wangu hakuweza kustarehe. Tangu nimjue, hakuwahi kukaa huku mtu mzima amesimama. Alikuwa anatazama huku na huku akitafuta mtu wa kusogeza kiti.

Nikatoa simu mfukoni, nikafungua mahali pale, nikampa binti yangu.

"Soma hapo juu."

"Kuna nini?"

"Soma mwenyewe. Mimi naenda kumpa ng'ombe maji."

"Ng'ombe ameshakunywa, nimemwona."

"Atakunywa tena."

Nilikuwa nimefika nyuma ya zizi nilipomsikia akilitaja. Alilitaja polepole, halafu kwa nguvu, halafu kwa kucheka, na halafu akawa analia. Ng'ombe alinitazama, ndoo mkononi mwangu ikiwa tupu.

"Tata! Hili umelijua tangu lini?"

"Tangu kabla hawajapogoa chai ya juu."

"Na ukanyamaza!"

"Nilinyamaza."

Alikuja hadi zizini, akasimama na lile tumbo lake, akanitazama usoni kwa muda. Nadhani alikuwa amejiandaa kunigombeza. Lakini ana macho ya mama yake na huwa hahitaji kuambiwa kila kitu.

"Ulitaka umwite mama," akasema.

"Nilitaka."

Akaninyang'anya ndoo, akaiweka chini.

Yeye ndiye aliyemwandikia muuguzi. Ikawa mama wa huyo muuguzi ni mdogo wake mama mkwe wangu, tumbo moja, na bado anaishi Tabaka. Yaani kwa sheria zetu yeye pia ni mama mkwe wangu. Tulikwenda kumwona siku ya mvua nyepesi.

Tabaka ina vumbi lake, jeupe na la waridi, ambalo hata mvua ikinyesha halifi bali hugeuka uji kando ya njia. Kila nyumba ina mlio wa tupa juu ya jiwe. Tulipofika kwa yule mama, binti yangu akaingia ndani na mimi nikabaki nje. Sauti ya mama huyo mzee ikatoka ndani, kali na yenye kicheko.

"Huyo aliyesimama huko ni nani?"

"Ni baba yangu, magokoro," binti yangu akajibu, kama mjukuu amwitavyo nyanya.

"Basi ni mkwe wangu. Mwambie asiingie."

"Haingii. Hata hana mpango wa kuingia."

"Mwambie asogee chini ya mabati, asilowe. Watasema Tabaka hatuna adabu."

Nikasogea, nikauambia ukuta, "Mwambie nimesogea, asante."

"Nimemsikia," akasema mzee. "Mwambie nimemsikia."

"Amesema amekusikia, Tata," binti yangu akapaza sauti, na nikajua anajiuma midomo asicheke.

Tukazungumza hivyo, mimi na ukuta, yeye na ukuta, na binti yangu katikati kama karani wa baraza. Mzee alisimulia dada yake. Alisema alikuwa mwepesi wa kucheka, kwamba alibeba mawe kutoka machimboni kichwani bila kata, kwamba akiosha vinyago kwenye karai aliviongelesha kama watoto wanaooga. Kila mara alilitaja jina kwa sauti kubwa, na nadhani mara nyingine alilitaja kwa makusudi ili anisikie nikikohoa.

"Muulize mkwe wangu kwa nini anakohoa."

"Tata, anauliza kwa nini unakohoa."

"Mwambie ni vumbi."

"Vumbi na mvua hii!"

Binti yangu akamuuliza kwa nini huku Tabaka pia hakuna mtoto aliyepewa jina hilo miaka yote. Kicheko kikaisha.

"Tulikuwa tunawangoja nyinyi," mzee akasema. "Alikuwa ameacha mtoto wa kike. Tulisema tusimnyang'anye mtoto nafasi ya kumrudisha mama yake. Tuliona ni heshima. Habari haikuja, na sisi kwa ajili ya wale ng'ombe tukaona aibu kuja kuuliza."

Kwa hiyo kule Nyamira hawakulitaja kwa heshima, na huku Tabaka hawakulitumia kwa heshima, na yeye akabaki amesimama mlangoni katikati ya watu waliompenda wote.

"Mwambie mkwe wangu anywe chai," mzee akasema, kama mtu anayefunga dirisha. Kisha akapaza sauti kuelekea nyuma ya nyumba, akaita.

Aliita jina la mke wangu.

"Eee!" sauti ya mwanamke ikajibu.

Nilishika nguzo. Kutoka nyuma ya nyumba akaja mwanamke mtu mzima, mikono imepakaa unga wa jiwe hadi kwenye viwiko, msasa umebanwa chini ya kwapa. Hakufanana na mke wangu hata kidogo. Alikuwa mrefu na mweusi, na mwendo wake ulikuwa wa haraka. Alinawa mikono kwenye karai, akaingia, akatoka na kikombe, akanipa kwa mikono miwili, akasema karibu chai, baba.

Ndani, mzee alikuwa anamweleza binti yangu. Jina la mke wangu lilikuwa la nyanya yao. Dada yake alipojifungua kule Nyamira alimrudisha nyanya, akatuma neno, na ndiyo maana muuguzi alikuwa nalo katika mti wake. Huku Tabaka wako wengine wanaolibeba, wawili au watatu kila kizazi. Hawajawahi kuacha kuitwa.

Chai ilipoa mkononi mwangu. Sikuweza kuinywa upesi. Mzee alimwita tena yule mwanamke, mara ya kuchukua vikombe, mara ya kufunga kuku, na kila mara akajibu kutoka mahali tofauti, "Eee!", kana kwamba ni jambo la kawaida.

Mtoto alizaliwa mjini Kisii, msichana. Binti yangu alimpa jina la mama mkwe wangu, na wakwe zake wakalipokea kwa wimbo. Walipomleta nyumbani, majirani wote waliliita, watoto waliliita, mwalimu wa Sabato aliliita akiomba. Mimi peke yangu siwezi. Hakuna aliyenieleza sheria inasemaje kwa mama mkwe mwenye uzito wa kuku. Nilimpokea nikiwa nimekaa wima kama niko barazani, nikasema, "Karibu, mama." Naye akanilowesha.

"Mwambie mkwe wangu nimesikia!" mzee wa Tabaka akasema kwenye simu, iliyowekwa sauti ya juu mkononi mwa binti yangu. "Amempakata mama mkwe wake mbele za watu. Hana haya?"

"Anasema huna haya, Tata."

"Mwambie yeye ndiye aliyenikojolea."

Ile huduma ya kulipia tumeiacha ikome. Kabla haijakoma, binti yangu alifuta yale maneno yetu, "Mama wa", akaandika jina lenyewe mahali pake. Mimi nilitazama pembeni. Wanawake wa kofia hawaji tena, na asubuhi zenye ukungu huwa ninawakumbuka. Natumaini wamepata watu wao.

Mtoto akiletwa huku kwangu, namchukua hadi kwenye kigoda, chini ya mgomba, mahali simu inaposhika. Namwambia mke wangu, bila kumtaja, kwamba mama yake amefika na amekaa. Yeye anangoja, kama alivyosema. Siku hizi binti yangu hupiga Tabaka mara kwa mara akiwa hapo, ananishikisha simu wakati anapombadilisha mtoto nguo, na mimi simsemeshi mzee. Nasikiliza tu mambo ya kule. Kuna tupa, kuna maji kwenye karai, kuna kuku. Halafu mzee, akisahau kwamba niko, anaita jina la mke wangu kuelekea nyuma ya nyumba. Naibana simu sikioni. Anachelewa kidogo, pengine mikono imejaa vumbi. Halafu anaitikia.